Shukrani ya Mavuno Mudzini: Mwongozo Kamili kwa Familia ya Kigiriama Inayoishi Mombasa

Kila baada ya masika gunia la mahindi mapya lilikuwa likifika mlangoni kwetu Mishomoroni, limefungwa kamba juu ya keria ya matatu kutoka Kaloleni. Tukilifungua, tukisagisha, tukila. Mwaka mmoja kitindamimba wangu akaniuliza mahindi yale tumeyanunua duka gani. Sikulala vizuri usiku ule. Mtoto wa Kigiriama, shamba la babu yake liko mwendo wa saa mbili tu, na hajui kwamba kuna mtu aliinama akapalilia ili yeye ale.

Tangu hapo kila mavuno tunarudi mudzini, yaani nyumbani kwa ukoo kijijini, kushukuru. Nimeandaa siku hii mara sita sasa, nimekosea mengi, na ndugu wengi wa Kisauni, Mikindani na Likoni wananiuliza inaandaliwaje. Ninayoeleza hapa ni ya Wagiriama, tena ni desturi ya mlango wetu, yaani tawi letu la ukoo. Wachonyi, Wakauma, Warabai, Waduruma, Wadigo na wengine katika makabila tisa ya Mijikenda wana namna zao. Mzee wa kwenu akisema tofauti na mimi, mfuate mzee.

Kabla ya yote: jua ghala lilikuwa na maana gani

Usiruke sehemu hii ukakimbilia mapishi. Watoto wataiuliza, na wewe ndiye utakayejibu.

Wagiriama wanakumbukwa kama watu waliopigana na Mwingereza, na ni kweli. Lakini vita vile vilianzia shambani. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wagiriama walikuwa wakilima nafaka za kujitosha na ziada wakiwauzia watu wa Pwani. Mwenye nafaka ghalani hakuwa na haja ya kwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mgeni. Serikali ya kikoloni ilitaka vibarua na kodi ya nyumba, na ilitaka watu waondoke kwenye ardhi nzuri ya kaskazini ya mto Sabaki. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, akishirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola, alizunguka akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwalisha kiapo wasitoe vijana wao. Walikamatwa wakapelekwa Kisii, mbali magharibi, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama msituni, kwa baruti, na vita vikawaka. Vilipozimwa, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vibarua 1,000.

Mimi huwasimulia watoto habari hii tukiwa tumekaa jikoni kwa hawe (nyanya yao), chini ya lutsaga (ghala la darini juu ya jiko) lenye mahindi. Wanaona kwa macho yao kitu kilichokuwa kikigombaniwa. Mtu aliye na chakula chake juu ya jiko lake ana uwezo wa kusema hapana.

Hatua ya 1: Nenda kwa mzee, tena uende mwenyewe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupanga tarehe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, kisha kumpigia mzee simu kumwarifu. Alinisikiliza, akaniambia, "Haya, mwanangu," na siku ilipofika hakutoka nyumbani kwake. Alikuwa na haki. Nilimwalika kwenye siku ambayo yeye ndiye mwenyeji wake.

Safari hii ya kwanza ifanye wiki sita kabla. Chukua zawadi ndogo: sukari, majani ya chai, tumbaku kama anatumia, leso kwa hawe. Usianze na ajenda. Salimia, uliza hali ya mvua, uliza wagonjwa, nenda shambani uone mahindi yamefika wapi. Kisha sema: "Tsawe (babu), tungependa kuja kushukuru mavuno. Tufanyeje?" Halafu nyamaza.

Mambo matatu lazima uondoke nayo pale. La kwanza, siku. Juma la Kimijikenda lina siku nne, na siku ya Jumwa ni ya mapumziko, watu hawalimi. Wazee wengine bado wanaihesabu. Ninyi wa mjini mnataka Jumamosi, basi mwambie mzee Jumamosi zote mnazoweza, yeye achague. La pili, nani atakayeomba. Kwa baadhi ya nyumba ni mkubwa wa mudzi, kwa wengine ataitwa mzee wa jirani. La tatu, kama kuna msiba ambao haujamalizwa. Ukoo wenye matanga mapya hauchezi ngoma, na ni aibu kubwa kufika na vijana wenye kayamba watu wakiwa bado na majonzi.

Hatua ya 2: Linganisha tarehe na shamba

Masika huanza Machi au Aprili, na mahindi yaliyopandwa kwa mvua ya kwanza hukomaa kwa miezi mitatu na nusu hadi minne. Kwa hiyo mahindi mabichi ya kuchoma hupatikana kuanzia Juni na Julai, na makavu ya kuweka lutsagani Agosti. Sisi tumejaribu nyakati zote mbili. Wakati wa mahindi mabichi ni mtamu zaidi kwa watoto, kwa sababu wanavunja wenyewe na kula papo hapo. Lakini wakati wa makavu una kazi ya mikono: kuvuna, kumenya, kupukuchua, kupepeta kwa uteo, kupandisha juu. Mimi ninapendelea Agosti. Shule zikiwa zimefunga, watoto hukaa siku tatu au nne badala ya moja.

Vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo huleta mavuno madogo. Usiyapangie sherehe kubwa, hayategemeki.

Hatua ya 3: Chakula, na hesabu yake

Hapa ndipo watu wa mjini tunaharibu. Tunabeba pilau, soda, keki na viti vya plastiki, tunageuza mavuno kuwa arusi. Mimi nina sharti moja ambalo sijalegeza: kinachotolewa shukrani kitoke shamba lile. Vya kuongezea shibe nunua Kongowea, hakuna ubaya. Lakini sima ya kwanza isongwe kwa unga wa mahindi yale yale yaliyovunwa.

Kwa watu 50 mimi huhesabu hivi. Unga wa sima, ambayo sisi huiita wari, kilo 10 hadi 12. Ukienda na mdogo wako mashine ya kusaga, mchukue na mtoto aone. Kunde kavu kilo 5. Nazi 15 kama mboga zote zitaungwa. Mbuzi mmoja aliyeshiba anatosha mchuzi ikiwa kunde na mboga ni nyingi. Mariakani kuna soko la mifugo, na ukipitia huko njiani unaweza kupata mbuzi kwa bei ya afadhali kuliko mjini. Mchinjaji awe Mwislamu. Katika ukoo wa Pwani hamkosi shemeji, mkwe au jirani Mwislamu, na nyama ikichinjwa na yeye wote wanakula sahani moja.

Mboga ndiyo roho ya siku. Waombe shangazi wachume mtsunga, ule mchungu wenyewe unaoota shambani baada ya mvua. Ukate, uchemshe kwa maji mengi, umwage maji yale, uukamue kwa mkono. Changanya na majani ya kunde na mchicha ili uchungu upungue bila kupotea. Tia tui jepesi kwanza, nyanya na kitunguu kidogo, acha lichemke polepole. Kasimile, lile tui zito, iingie mwisho, ukoroge bila kuacha hadi itokote mara moja, kisha epua. Ukiacha kasimile ichemke sana itakatika. Watoto wa mjini watakunja uso kwa tonge la kwanza. Usiwalazimishe. Wangu walihitaji miaka miwili, na sasa wananikumbusha wao.

Mahindi mabichi, kama yapo, yachemshwe na maganda yake mawili ya ndani, au yachomwe kwenye makaa nje, kazi waachiwe wavulana. Muhogo wa kuchemsha na pure ya mahindi na maharagwe vitajaza pengo watu wakizidi. Na watazidi. Mudzini hakuna kadi za mwaliko. Moshi ukipanda jirani anakuja, na ni lazima ale. Ongeza robo juu ya hesabu yako.

Mnazi, yaani tembo. Agiza kwa mgema anayejulikana na mzee, mapema, na uletwe asubuhi ya siku hiyo. Wa asubuhi ni mtamu, unapofika jioni umekuwa mkali. Unaohitajika kwa maombi ni kidogo tu, mboko moja (kibuyu) inatosha. Wa wazee kunywa baadaye uamue kiasi na mzee, wala usiache uzwe au uzungushwe kwa vijana. Dereva wa gari lenu asiuonje kabisa. Kwenye nyumba za Kiislamu au za makanisa yasiyotaka pombe, maji safi na unga vimetumika mbele ya macho yangu na hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 4: Safari kutoka Mombasa

Wenye mudzi upande wa Kaloleni wana njia mbili: kupitia Changamwe na Miritini hadi Mazeras, kisha kukunja kulia kupitia Rabai na Ribe, au kuendelea hadi Mariakani na kuingilia huko. Ya Rabai ina mandhari nzuri na kona nyingi. Wa Ganze, Malindi na Magarini mtavuka daraja la Nyali na kufuata barabara ya Mtwapa na Kilifi. Ukikodi matatu nzima, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa mkupuo mmoja, na uweke wazi kwamba atalala au hatalala.

Ondokeni Ijumaa mchana. Kufika Jumamosi asubuhi na kuanza kula ni tabia ya wageni. Anayefika Ijumaa anachota maji, anapasua kuni, anakuna nazi. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu sehemu nyingi za huko maji ni shida na si vizuri watu 30 kumaliza mitungi ya hawe kwa usiku mmoja. Bebeni vyandarua, tochi, dawa za mtu anayetumia dawa kila siku.

Hatua ya 5: Mavazi na ngoma

Hando ninalipenda kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Ni sketi fupi ya kitambaa cheupe chepesi, imekunjwa marinda juu ya marinda hadi kiuno kinajaa, na mwanamke anapotembea linapumua naye. Linakula kitambaa kingi sana, kwa hiyo usikate bafta lako kabla shangazi hajakuonyesha. Nunua kitambaa Mtaa wa Biashara, peleka mudzini, mkae naye alasiri nzima mkunje pamoja. La kushonewa na fundi wa mjini kwa mpira kiunoni linavalika, ila halikai vile. Wanaume wanapendeza kwa kikoi au kitambi, wazee kwa kaniki. Wasichana wasiopenda hando wafunge leso mbili, wako sawa.

Kwa ngoma, ongea na vijana wa kijiji badala ya kubeba kikundi cha hotelini. Vijana wanaocheza ngoma ya gonda watakuja na njuga zao na kayamba. Patana malipo mapema, walishe, na wape mtu mmoja wa kuongea nao. Akina mama wana nyimbo zao za kupukuchua na kutwanga, na hizo ndizo ninazozisubiri mimi. Usiwaombe waimbe kwa ajili ya video. Wape mahindi ya kupukuchua, wimbo utakuja wenyewe.

Usiagize kifudu. Kifudu ni ngoma ya msiba na ina heshima zake. Mekatilili aliitumia kwa jambo zito. Kuichezesha ili watu wapige picha ni kuwadhihaki waliokufa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Amkeni kabla jua halijapanda. Wote, pamoja na yule binamu anayefanya kazi benki, waingie shambani. Mkubwa wa mudzi huvunja hindi la kwanza. Kwetu hakuna anayevunja kabla yake, na hakuna anayekula hata punje hadi maombi yaishe. Watoto wadogo hili huwa gumu kwao, hivyo wape uji wa unga mliokuja nao.

Mkirudi, mahindi ya kwanza na unga wake vinawekwa mbele ya mzee. Kwa walio na makoma (nguzo ndogo za kuwakumbuka) ya wazee wao pale mudzini, maombi hufanyika hapo. Mzee atachuchumaa, watu nao wachuchumae au wakae chini, kofia zitolewe, simu zizimwe. Atamwita Mulungu, ataita majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, atamwaga mnazi kidogo na unga kidogo. Anaweza kuchukua dakika tano au nusu saa. Usimharakishe, usimwekee maikrofoni. Sikilizeni majina. Mwaka wetu wa pili nilimpa binti yangu daftari ayaandike, kwa ruhusa ya mzee, na alitoka na majina ya vizazi saba. Sikuwa nikiyajua zaidi ya matatu.

Ndugu ambaye imani yake haimruhusu kukaa pale asilazimishwe wala asisemwe. Ana kazi jikoni, na mchungaji au ustadhi wa ukoo anaweza kuombea chakula baadaye. Tumefanya hivyo miaka yote na hatujagombana.

Kama mna vigango, chukua tahadhari. Nguzo hizi za ukumbusho zimeibwa sana na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani baada ya miaka mingi. Usipige picha inayoonyesha vigango na njia ya kufika, wala usiiweke mtandaoni na jina la kijiji.

Wa kwanza kula ni wazee, na waketi mbele, kivulini, kwenye viti vizuri mlivyo navyo. Nalisema hili kwa uchungu. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zikageuzwa kuwa ushahidi, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Mtoto anayemwona babu yake akitanguliziwa sahani mbele ya kijiji kizima, akamsikia akiwaombea mvua, hatakuwa rahisi kudanganywa atakapokua. Wakimaliza wazee, watoto, kisha wengine.

Mchana ni wa ngoma, masimulizi na usingizi chini ya mwembe. Sipangi ratiba. Jioni mnapukuchua na kupandisha.

Mvua ikikosa

Imetukuta mara mbili. Ganze na maeneo ya bara ya Kilifi ukame si habari mpya. Mara ya kwanza niliahirisha, na mzee akanikemea: mwaka wa njaa ndio mudzi unaohitaji kuonekana. Mara ya pili tulikwenda watu kumi na wawili, bila ngoma. Tulivuna debe moja na nusu la mahindi na kunde kidogo. Mzee aliomba vile vile, kwa maji. Fedha za vijana wa gonda na za mbuzi tulinunulia unga na kuugawa nyumba tano za jirani. Kama ukoo wenu una chama, anzeni kuweka akiba ya siku hii kuanzia Januari, ili uamuzi wa namna hiyo usimwelemee mtu mmoja.

Mkitaka kupita kaya

Misitu ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini kwetu ni makao matakatifu kabla ya kuwa urithi wa mtu mwingine. Usiingie kwa sababu tu wewe ni Mgiriama. Mwombe mkubwa wa mudzi awaulize wazee wa kaya, wakikataa, mmeshajibiwa. Wakikubali, vaeni kama mtakavyoelekezwa, msikate jani, msiokote kitu, msipige picha bila idhini. Kwa watoto wa mjini wanaotaka kuona kaya kwa urahisi zaidi, Kaya Kinondo huko Diani, ya ndugu zetu Wadigo, hupokea wageni na kuna waongozaji.

Hatua ya 7: Kuweka mahindi na mbegu

Msirudi Mombasa kabla ya kazi hii. Mahindi ya kuweka lazima yawe makavu hasa. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yaanikwe tena, juu ya turubai na si mchangani. Yenye ukungu yatengwe na yasiliwe, wala yasipewe kuku, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Kuyaosha au kuyapika hakuiondoi.

Lutsaga, dari ile ya miti juu ya jiko la hawe, hufanya kazi nzuri kwa kuwa moshi wa kila siku hukausha na kuwafukuza wadudu kama dumuzi. Panga mahindi na maganda yake, makubwa chini.

Kisha mbegu. Kama mnapanda mahindi ya asili kama mdzihana, mnaweza kurudisha mbegu yenu. Ya dukani aina ya chotara haitazaa vile vile mwaka ujao. Kila mtoto achague hindi moja: lililojaa hadi nchani, mistari iliyonyooka, lisilo na tundu, kutoka kwenye mmea uliosimama vizuri. Lifungwe kwa maganda yake na kamba ya makuti, liandikwe jina la mtoto kwa makaa, litundikwe juu ya jiko. Hawe wetu huyajua yote kwa jina la mwenyewe. Machi mvua ikinukia, hupiga simu Mishomoroni na kumuuliza kila mmoja: hindi lako nilipande, au unakuja kulipanda mwenyewe?